Dokta Evelina Nkwabi Rutashobya (1971–2025), Aliyesubiri Mawe ya Angani Yarudi

Evelina alizaliwa Igogo, Mwanza, siku ya Jumapili tarehe 14 Machi 1971, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa Mzee Nkwabi Masalu na Bibi Tereza. Baba yake alikuwa akipakia mizigo katika bandari ya Mwanza Kusini. Mama yake alikuwa akigonga kokoto mlimani nyuma ya nyumba, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na sita, na kokoto hizo ndizo zilizowalisha na kuwasomesha watoto wote wanne. Kazi hiyo inatajwa mapema hapa kwa sababu marehemu mwenyewe, kila alipoulizwa alikosomea mambo ya mawe, alijibu kwanza "Igogo," ndipo akavitaja vyuo.

Familia inakumbuka siku moja ya mwaka 1980. Evelina alikuwa na miaka tisa na alikuwa akimsaidia mama yake baada ya shule. Alilipasua jiwe, akaliangalia ndani, akaligeuza akaliangalia nje, kisha akaacha kazi na kumfuata mama.

"Mama, huku ndani ni jeupe na linang'aa. Huku nje mbona ni la kahawia?"

"Nje limechafuka," alisema Tereza.

Evelina alilichukua lile jiwe akashuka nalo hadi ziwani, akalisugua kwa mchanga na kipande cha sabuni ya kufulia. Alirudi jua likiwa limeshaegemea magharibi, mikono imemchubuka.

"Halijachafuka, mama. Limezeeka."

"Haya, limezeeka," alisema Tereza. "Na ile sabuni iko wapi?"

Sabuni ilikuwa imeisha. Evelina alichapwa kidogo siku hiyo, na wote wawili waliendelea kubishana kuhusu jambo hilo, kwa kicheko, hadi mwaka huu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Igogo kuanzia mwaka 1978 hadi 1984. Mwezi Novemba 1984, wiki sita baada ya mtihani wa darasa la saba, Mzee Nkwabi alifariki kwa homa. Matokeo yalipotoka na Evelina kuchaguliwa kuendelea na sekondari, baadhi ya ndugu walikaa kikao wakaona ni vyema binti mkubwa abaki nyumbani amsaidie mama kugonga mawe mpaka wadogo zake wakue. Tereza aliwasikiliza wote hadi wakamaliza.

"Nyundo ni moja," aliwaambia. "Na ninaishika mimi."

Kikao kiliishia hapo. Evelina alisoma kidato cha kwanza hadi cha nne hapa Mwanza, akamaliza mwaka 1988, kisha akapelekwa shule ya wasichana mkoani Kagera kwa masomo ya fizikia, kemia na hisabati, akamaliza kidato cha sita mwaka 1991. Hakuchaguliwa kujiunga na chuo kikuu mwaka ule. Alilia siku mbili, siku ya tatu akajaza fomu za ualimu. Alisoma Chuo cha Ualimu Butimba kuanzia mwaka 1992 hadi 1994, akafundisha fizikia miaka miwili katika sekondari moja ya Ilemela, huku akijiandaa, na mwaka 1996 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1999 na ya pili mwaka 2003.

Huko Butimba ndiko alikokutana na mwanachuo mwenzake, Jovinary Rutashobya, kijana wa Muleba aliyesomea kufundisha jiografia. Jovinary alikuwa na desturi ya kumwazima Evelina vitabu, kisha anakwenda kuvidai mapema kuliko walivyokubaliana, ili apate sababu ya kuonana naye. Evelina aliligundua jambo hilo kwenye kitabu cha tatu na akawa anavirudisha kabla hajaombwa, jambo lililompa Jovinary wasiwasi mkubwa kwa muhula mzima. Walifunga ndoa takatifu tarehe 12 Desemba 1998. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kokugonza mwaka 2000 na Elias mwaka 2003, na tangu hapo wakawa wanaitana Mama Koku na Baba Koku mpaka mwisho.

Mwaka 2006 Evelina alipata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja nchini Ufini. Kokugonza alikuwa na miaka sita, Elias mitatu. Wapo waliomwendea Jovinary kumuuliza kwa nini anamruhusu mke aende mbali namna ile na kuacha watoto wadogo. Aliwajibu kwamba alioa mwalimu, na mwalimu kazi yake ni kusoma. Bibi Tereza alihama Igogo kwa miaka minne akaishi na wajukuu. Kila Jumapili mchana simu ilipigwa kutoka Ufini, na kila Jumapili Elias alimuuliza mama yake kama amemaliza.

Alichokwenda kujifunza kilikuwa hiki. Kati ya sayari ya Mirihi na ile ya Jupita yako mawe mengi mno yanayolizunguka jua, makubwa kama milima na madogo kama nyumba, yaliyobaki tangu mfumo wa jua ulipoumbwa. Hayo ndiyo asteroidi, na baadhi yake hupita karibu na njia ya dunia yetu. Mengi si jiwe moja bali ni rundo la vifusi vilivyoshikana kwa uvutano mdogo. Mwanga wa jua, kwa kuyasukuma polepole kwa muda mrefu sana, huweza kuyafanya mengine yazunguke kwa kasi mpaka kipande kikachomoka na kwenda zake. Na sura ya jiwe lililo wazi angani haibaki ilivyo. Upepo wa jua na chembe ndogo ndogo zinazokwenda kasi huipiga miaka nenda rudi, na sura iliyokuwa nyeupe huiva, ikawa nyeusi na nyekundu zaidi. Kwa hiyo mtu anayejua kusoma rangi anaweza kukisia ni lini jiwe lilivunjika.

Profesa Aila Salmela, aliyekuwa msimamizi wake, alimpa nafasi ya kubaki Ufini baada ya kuhitimu mwaka 2010. Evelina alimshukuru, akakataa. Alieleza kwamba anataka kuchunguza jinsi mawe yanavyopasuka kwa joto na baridi tu, bila kugongwa na kitu, na kwa kazi hiyo anahitaji mahali penye mawe mengi na jua kali. "Jua la huku halina hasira," alimwambia.

Alirudi Mwanza mwezi Septemba 2010, na kuanzia Oktoba mwaka huo hadi kifo chake alifundisha fizikia katika chuo kikuu kimoja hapa mkoani. Mwaka 2012 yeye na Jovinary walihamia kwenye nyumba yao Kiseke. Uani kulikuwa na jabali kubwa kupita nyumba yenyewe. Fundi alishauri lichomwe moto lipasuliwe, Evelina akamwambia alizunguke. Alibandika juu yake vinasa sauti vidogo alivyovitoa kwenye simu mbovu, akavuta nyaya hadi dirishani, akawa anasikiliza na kuandika.

Majirani walianza kuzungumza. Mzee Ngosha, anayekaa nyumba ya pili, ndiye aliyekuja kuuliza waziwazi. Baada ya salamu na kuketi, alinyoosha fimbo kuelekea jabali.

"Mwalimu, tunaambiwa unaongea na jiwe. Linasema nini?"

Evelina alimvalisha visikizio na kumwomba asubiri. Ilikuwa alasiri ya mwezi Machi, jabali lilikuwa limeota jua tangu asubuhi, na wingu lilikuwa linavuka kutoka ziwani. Mvua ilipopiga, Mzee Ngosha alishtuka kidogo, kisha akatulia na kuinamisha kichwa.

"Kama bisi zinazokaangwa," alisema. Baada ya muda akaongeza, "Kumbe linaumia."

"Linapasuka, mzee. Kidogo kidogo sana. Wewe na mimi hatutaishi kuona likigawanyika."

Mzee Ngosha aliondoka akawakataza wajukuu wake wasikae tena juu ya lile jabali. Lakini maneno mtaani yalikwisha.

Jabali la Kiseke lilimfundisha kusikiliza, ila asteroidi haina mvua wala hewa. Ina jua na kivuli tu. Mwaka 2014 Evelina na Wilhelmina Rwehumbiza, fundi sanifu wa maabara ya chuo, walijenga tanuri dogo na kuliunganisha na friji la zamani. Ndani yake waliweka vipande vya kimondo vyenye ukubwa wa punje ya hindi, alivyoazimwa na Profesa Salmela, wakawa wanavipasha moto na kuvigandisha zamu kwa zamu, mamia ya mara. Vilichanika. Na kila ufa ulifunua sura mpya, nyeupe, ambayo haijawahi kuona jua.

Hapo ndipo alipopata wazo la maisha yake. Ikiwa mawe huko angani yanapasuka yenyewe kwa joto na baridi, basi yanajibandua ngozi ya zamani na kuonyesha mpya, na asteroidi inaweza kuonekana changa huku ni kongwe. Ili kulithibitisha alitafuta asteroidi mbili zilizowahi kuwa moja. Alizipata. Kwa kupiga hesabu ya njia zao kurudi nyuma, ilionekana zilitengana yapata miaka laki sita iliyopita. Umri mmoja, mwamba mmoja. Tofauti ilikuwa mwendo wa kujizungusha. Kipande kidogo kilikuwa kinajizungusha haraka, siku yake saa tatu. Kile kikubwa kilikuwa cha taratibu mno, siku yake ni kama siku zetu tatu, kwa hiyo mawe yake yalipata muda wa kuungua kabisa na kuganda kabisa. Evelina alisema hicho kikubwa lazima kionekane kichanga kuliko mwenzake. Mwaka 2018 alipata vipimo vya rangi zao kutoka darubini moja ya ng'ambo, na ikawa hivyo hasa. Tofauti ilikuwa kubwa.

Makala aliyoiandika kuhusu hayo ilikataliwa na jarida la kisayansi mwaka 2019. Mpitiaji mmoja aliandika kwamba mawe hayo yaligongwa na kitu, kama mawe mengine yote, na kwamba tanuri la Mwanza si anga. Evelina aliongeza majaribio, akaituma tena. Ikakataliwa mwaka 2020. Akaongeza mengine. Tarehe 6 Aprili 2022, mara ya tatu, ilikubaliwa. Siku hiyo nyumbani Kiseke walipika ndizi na sato, na Bibi Tereza, aliyekuwa na miaka sabini na minane, alicheza.

Wiki tatu baadaye Wilhelmina alikuwa akiandaa michoro ya kuchapishwa. Aliinua uso kutoka kwenye kompyuta.

"Dokta, hiki kipande kikubwa kimelinganishwa na nyota hii. Mbona kidogo kina nyota nyingine?"

"Vilipimwa siku tofauti," alisema Evelina. "Nyota zote mbili zinafanana na jua letu. Ndivyo tunavyotoa rangi ya jua ibaki rangi ya jiwe."

"Nani amesema zinafanana?"

"Orodha ya nyota imesema."

Evelina alivuta kiti. Ilimchukua siku tisa kuthibitisha kwamba orodha ilikosea. Nyota ya pili ilikuwa na ubuluu zaidi kuliko jua, na kwa sababu hiyo ilikifanya kipande kidogo kionekane chekundu na kikongwe kuliko kilivyo. Tofauti aliyoipigania miaka minne huenda ilikuwa ndogo. Huenda haikuwepo kabisa.

Asubuhi iliyofuata alimweleza Jovinary wakiwa barazani.

"Kuna mtu mwingine anayejua?" Jovinary aliuliza.

"Wilhelmina anajua. Mimi najua."

"Nauliza kama kuna anayelazimika kujua."

Evelina alimtazama. "Baba Koku, ukimkatia mwanafunzi alama, halafu ukagundua aliyekosea ni wewe, unafanyaje?"

"Namwita," alisema Jovinary.

"Basi mimi naita."

Aliandika barua ya kuiondoa makala siku ile ile. Profesa Salmela alimshauri aongeze tu maelezo mafupi na kuliacha hitimisho lilivyo, kwa kuwa pengine bado ni la kweli. Evelina alimjibu kwa heshima kwamba hawezi kuliacha hitimisho wakati hajui kama lipo. Baada ya kutuma barua hizo alikwenda kulala, hakula mchana wala jioni, na hakutaka mtu amsemeshe. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa darasani. Aliwachorea wanafunzi wa mwaka wa kwanza zile nyota mbili ubaoni, akawaeleza kosa lake lote kwa jina lake, na kuwapa kama swali la zoezi.

Jambo lililofanya uamuzi ule uwe mzito ni kwamba tayari alikuwa mgonjwa. Shinikizo la damu lilikuwa limegunduliwa mwaka 2016, na mwezi Machi 2021 madaktari walimwambia figo zake zinashindwa. Vile vipande viwili vya asteroidi visingesogea karibu na dunia vikiwa pamoja, kiasi cha kupimwa vizuri, mpaka Januari 2025.

"Miaka mitatu," alisema Jovinary alipoelezwa.

"Miaka miwili na miezi minane."

"Mama Koku, ulisikia walichosema hospitali."

"Nilisikia. Na kuhesabu najua."

Kuanzia Jumatatu tarehe 15 Agosti 2022 alianza kusafishwa damu hapa Mwanza, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Vipindi vyake vya kufundisha alivihamishia Jumanne na Alhamisi. Kitini hospitalini alikuwa na daftari upande wa mkono ulio huru, na wauguzi, ambao familia inawashukuru kwa moyo wote, walijifunza kutomuuliza jambo lolote akiwa katikati ya hesabu. Mdogo wake Yeremia, anayeusoma wasifu huu, alijitolea kumpa figo. Vipimo vilionyesha kwamba Yeremia mwenyewe ana kisukari na hajui. Alimfuata dada yake kumweleza akiwa amevunjika moyo.

"Umekuja kutoa figo, unaondoka na dawa ya sukari," Evelina alimwambia. "Safari haikuwa bure. Unazimeza?"

Na kila wiki, kwa miaka mitatu, aliyekuwa mgonjwa zaidi ndiye aliyempigia simu aliye nafuu kumuuliza kama amemeza dawa.

Mwaka 2023 aliomba muda wa darubini, akanyimwa. Mwaka 2024 aliomba tena, akaambatanisha maelezo ya kosa lake kurasa nne, akapewa. Wakati huo huo Wilhelmina aliendelea na tanuri, siku mia nne bila kukosa, umeme ukikatika anahesabu upya. Vipimo vya darubini vilifika Jumatano tarehe 22 Januari 2025, Evelina akiwa kitini. Safari hii vipande vyote viwili vilikuwa vimelinganishwa na nyota moja, muda mmoja. Wilhelmina alikuja na kompyuta.

"Usinionyeshe majina," alisema Evelina. "Kimoja kiite Mwanza, kingine kiite Muleba. Kipi ni kipi, weka kwenye bahasha mpaka nimalize."

"Dokta, utajuaje kama unakwenda vizuri?"

"Nikijua, nitakwenda ninakotaka mimi."

Alifanya kazi hiyo wiki sita na zaidi, taratibu, kwa sababu baadhi ya siku mikono ilikuwa haishiki kalamu na Kokugonza ndiye aliyemwandikia. Ijumaa tarehe 7 Machi 2025 alisema amemaliza. Mwanza ni changa, Muleba ni kongwe. Wilhelmina aliifungua bahasha pale pale, kando ya mashine.

"Mwanza ndiyo kile kikubwa," alisema.

"Tofauti?"

Wilhelmina aliangalia karatasi mara mbili. "Theluthi ya ile ya kwanza."

"Theluthi."

"Ndiyo, Dokta. Theluthi."

"Lakini ipo."

"Ipo."

Evelina alifumba macho akaegemeza kichwa. Muuguzi alikuja mbio akidhani presha imeshuka, akamshika mkono kupima. Presha ilikuwa sawa. Alikuwa analia tu.

Makala ilitoka tarehe 10 Juni 2025, jina la Wilhelmina likiwa la pili, na ukurasa wake wa kwanza ukaanza kwa kueleza kosa la mwaka 2018. Yule mpitiaji aliyewahi kumkatalia alimwandikia kwamba bado haamini kuwa joto na baridi pekee vinatosha kueleza jambo lile, lakini kipimo anakiamini. Evelina aliifurahia barua ile kuliko pongezi zote. Alisema mtu huyo amesoma kweli.

Mwezi Agosti, akiwa amepungua sana, ilifika barua nyingine kutoka kwa watafiti wa ng'ambo waliopima jozi sita za asteroidi kwa njia yake. Macho yake yalikuwa yanachoka, hivyo Yeremia alimsomea. Jozi nne zilikubaliana na alichokisema. Mbili zilikataa. Yeremia alipofika hapo alipunguza sauti, akataka kuruka mstari.

"Soma," alisema Evelina. Aliposomewa, akauliza, "Hizo mbili zina nini?"

"Hawajui."

"Sawa. Hizo ndizo za kuanzia."

Alimwita Wilhelmina kesho yake, akamwelekeza mambo ya kuangalia, kurasa tatu, akipumzika kati ya sentensi na sentensi. Kurasa hizo ziko maabara, na kazi inaendelea.

Tarehe 9 Septemba 2025 alilazwa kwa maambukizi katika damu. Madaktari walifanya kila lililowezekana. Jumatano tarehe 17, mchana, Bibi Tereza aliletwa kutoka Igogo kumwona. Alivuta kiti karibu na kitanda, akamshika mwanawe kiganja, kile chenye kovu la nyundo ya utotoni.

"Mayu, umemaliza?" alimuuliza, kwa neno ambalo Wasukuma humwita binti wanayempenda.

"Bado, mama. Ila nimepaacha mahali panapoonekana. Atakayekuja atapaona."

"Basi pumzika," alisema Tereza.

Evelina alifariki dunia Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, mume wake na binti yake wakiwa kando yake. Familia inaushukuru ukoo wa Rutashobya wa Muleba kwa kukubali, kama alivyoomba, azikwe hapa Kiseke. Inawashukuru pia majirani, wauguzi na madaktari, wanafunzi aliowafundisha kwa miaka kumi na mitano, na wote waliokaa naye katika miaka ile mitatu, ambayo wengi walidhani isingefika.

Ameacha mume, Mwalimu Jovinary Rutashobya. Watoto wawili, Kokugonza na Elias. Mjukuu mmoja, Renatha, mwenye miezi saba. Mama yake mzazi, Bibi Tereza. Na wadogo zake watatu, Queen, Yeremia na Nkwabi. Amemwacha pia Wilhelmina Rwehumbiza, ambaye familia inamhesabu kuwa mtoto wa nyumba hii.

Mama yake alimwambia apumzike, na hakuna mwenye haki kuliko mama ya kusema neno hilo. Nasi tunamfuata tukisema: Evelina, pumzika, na amani ya Mungu ikae nawe.